Niliyojifunza katika Miji Midogo ya Ujerumani

Mwalimu wangu wa zamani wa Jiografia ameniomba niwaandikie wasomaji wa gazeti hili la shule habari za safari yangu ya masomo. Mimi nilisoma katika shule hii hii, nikalala katika mabweni haya, na kuamshwa na kengele hii mnayoisikia kila alfajiri. Baada ya hapo nilisoma kilimo Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine, kisha nikapata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa miaka miwili. Basi nimekubali kuandika, lakini sitawaeleza habari za Berlin wala Hamburg, maana habari za miji mikubwa mtazipata katika vitabu. Nataka kuwaeleza habari za miji midogo, kwa sababu huko ndiko nilikokaa, na huko ndiko nilikopata aibu iliyonifundisha zaidi ya mitihani yote.

Witzenhausen, mji wa cheri

Mji niliokaa unaitwa Witzenhausen. Uko katikati ya nchi ya Ujerumani, kando ya mto Werra, nao una watu wapatao 15,000 tu, pamoja na vijiji vyake. Mtu aliyezoea Mbinga mjini hawezi kupotea humo. Kuna kanisa, kiwanja cha soko, maduka machache, na daraja juu ya mto. Stesheni ya gari moshi iko ng'ambo ya mto, na nilipofika nilivuka daraja kwa miguu nikiburuta sanduku langu katika baridi ya mwezi wa kumi.

Mlimani kuzunguka mji huo wamepanda miti ya cheri, yaani matunda madogo mekundu yenye kokwa moja. Mwezi wa nne miti huchanua maua meupe hata milima huonekana kama imefunikwa na pamba. Mwezi wa saba hufanya sikukuu ya cheri, na watu wazima hushindana kutema kokwa ili kuona ya nani itafika mbali. Nilicheka sana siku ile. Lakini nilipofikiri nikaona kwamba si jambo la kuchekwa. Watu hawa wanalijua zao lao, wanalionea fahari, na watoto wao hukua wakijua kwamba mji wao unaishi kwa mti ule. Nikajiuliza, je, sisi wa Mbinga, ambao kahawa yetu inanywewa hata Ulaya, tuna siku gani ya kuiheshimu kahawa?

Jambo jingine la Witzenhausen ni taka. Kila nyumba ina pipa la pekee la kutilia maganda ya viazi, majani ya chai, na mabaki mengine ya jikoni yanayooza. Taka hizo hupelekwa kugeuzwa mbolea. Mji huu ulianza kujaribu jambo hilo mwaka 1983, ukiwa wa mbele katika Ujerumani nzima. Mji mdogo ulianza, miji mikubwa ikafuata. Msidhani basi kwamba jambo jema haliwezi kuanzia mahali padogo.

Majengo yenye historia

Chuo chetu ni tawi la Chuo Kikuu cha Kassel, nalo hufundisha kilimo kisichotumia mbolea za viwandani wala dawa kali. Majengo yake ya zamani yalikuwa nyumba ya watawa. Lakini mwaka 1898 palifunguliwa humo shule iliyoitwa Shule ya Kikoloni. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana wa Kijerumani jinsi ya kulima na kuendesha mashamba katika nchi walizozitawala, na nchi yetu ikiwa mojawapo. Mpaka leo kuna nyumba ya makumbusho yenye vyombo vilivyoletwa na wanafunzi wa zamani kutoka nchi za mbali.

Kuna pia nyumba kubwa ya vioo inayopashwa joto, na ndani yake hupandwa mimea ya nchi zetu. Siku ya kwanza niliyoingia humo theluji ilikuwa imelala nje, ila ndani palikuwa na joto kama la pwani ya ziwa. Nikaona migomba, mikakao, na mbele yangu mbuni wenye buni nyekundu. Nilisimama hapo muda mrefu. Nyumbani nilikuwa sisimami mbele ya mbuni ila nikitumwa kuchuma.

Wengine wataniuliza kama sikuona uchungu kusoma mahali kama hapo. Niliona. Ninyi wa mkoa huu mnajua Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na jinsi wakuu wa Wangoni walivyonyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa. Lakini nilipokuwa masomoni siku hiyo ilikuwa haijafika, na wanafunzi wenzangu wengi wa Kijerumani walikuwa hawajapata kusikia neno Maji Maji. Nikawa mimi ndiye mwalimu wao wa historia, kwa Kiingereza changu cha shule hii. Mama yangu ni mtu wa Liuli, nami niliwaambia kwamba Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake kubwa, na kwamba tarehe 13 Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilishambuliwa hapo na meli ya Waingereza, Gwendolen. Walistaajabu kusikia kwamba vita vya Ulaya vilifika ziwani petu siku chache tu baada ya kutangazwa.

Hann. Münden na nyumba za udongo

Mwanafunzi wa chuo huko hupewa kadi inayomruhusu kupanda magari moshi ya jimbo bila kulipa nauli tena. Basi kila Jumamosi nilikuwa safarini. Safari moja nilikwenda Hann. Münden, mji ulio mahali ambapo mito miwili, Werra na Fulda, inakutana na kuwa mto mmoja uitwao Weser. Kuna jiwe limewekwa pale pale kwenye makutano, na watu huja kutoka mbali kulitazama.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni nyumba. Mji mzima umejaa nyumba za kale, nyingine zenye umri wa miaka 400 na zaidi, zilizojengwa kwa nguzo na boriti za mti zinazoonekana waziwazi kwa nje. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza ukuta wa nyumba yake kwamba kati ya boriti wametia nini. Akanionyesha mahali palipobomoka. Niliona fito zilizosukwa, na juu yake udongo uliochanganywa na majani makavu na kukandikwa.

Wasomaji wapenzi, ile ilikuwa ni nyumba ya miti na udongo! Ni kazi ile ile tunayoijua huku, fito na kukandika. Tofauti ni kwamba wao wameiweka juu ya msingi wa mawe ili maji yasipande, wamepandisha paa lenye kingo pana ili mvua isipige ukuta, na kila ukuta ukipasuka hutengenezwa mara moja. Tena serikali yao hairuhusu mtu kuzibomoa ovyo. Sisi huona nyumba ya udongo kuwa alama ya umaskini, wao wanaitunza kama urithi. Sisemi kwamba tusijenge kwa matofali ya kuchoma. Nasema kwamba ukuta wa udongo haukosi nguvu kwa kuwa ni wa udongo, bali hukosa nguvu kwa kukosa msingi, paa jema, na mtu wa kuutunza.

Göttingen, mji wa wasomi

Masomo mengine tulisomea Göttingen, mwendo mfupi kwa gari moshi. Mji huu ni mkubwa kidogo, wenye watu wapatao 120,000, na kati yao kuna wanafunzi wengi. Chuo Kikuu chake kilizinduliwa rasmi mwaka 1737. Mwanahesabu mashuhuri Carl Friedrich Gauss, ambaye jina lake mnalikuta katika vitabu vya hesabu, alifundisha hapo mpaka kufa kwake mwaka 1855. Mbele ya nyumba ya zamani ya halmashauri ya mji kuna sanamu ya msichana mchunga bata, na desturi yao ni kwamba mtu akipata shahada ya udaktari hupanda juu ya chemchemi ile na kuibusu sanamu. Hawakuchagua sanamu ya mfalme wala ya jemadari, bali ya msichana wa kijijini aliyeshika bata.

Maprofesa wa mji huo huenda kazini kwa baiskeli, hata katika baridi kali. Nami nilinunua baiskeli kuukuu, nikaanguka mara mbili juu ya barafu.

Aibu niliyoipata

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Katika muhula wa pili tuliambiwa kwamba kila mmoja ataeleza mbele ya darasa njia moja ya kilimo ya kwao. Mwanafunzi wa Ethiopia alieleza matuta ya mawe ya Wakonso. Mwanafunzi wa Ufilipino alieleza ngazi za mpunga za Ifugao. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kueleza habari za mbegu za kisasa za mahindi na mbolea ya dukani, kwa kuwa nilidhani hayo ndiyo maendeleo.

Nilipotaja kwamba natoka Mbinga, mwalimu aliinua kichwa. Akasema, "Mbinga? Si ndiko kwenye mashimo ya Wamatengo? Tafadhali tuelezee hayo." Akaanza kuniuliza. Majani hupangwa vipi? Nani huyapanga na nani huchimba? Kwa nini maharage hutangulia na mahindi hufuata? Mashimo mapya huchimbwa wapi?

Sikuwa na jibu. Baba yangu ni Mmatengo. Nilizaliwa katikati ya ngoro, nimekula maharage ya ngoro, nimeteleza na kutumbukia ndani ya ngoro nikiwa mtoto. Lakini siku za kazi nilikuwa najificha nyuma ya vitabu, nikisema nina mtihani, na watu wa nyumbani waliniachia kwa kuwa walitaka nisome. Nilifikiri ngoro ni kazi ya wasiosoma. Leo nimesimama mbele ya watu wa mataifa kumi, wanataka kujua elimu ya kwetu, nami sina. Nilisema sijui, nikakaa.

Jioni ile nilimpigia simu bibi yangu, mzaa baba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Huko Ulaya unakula nini?"

Nikamwambia nakula viazi. Kisha nikamweleza haja yangu. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka sana.

"Miaka yote uliyokaa hapa hukuuliza," alisema. "Umekwenda mpaka kwa Wazungu ndipo unauliza? Haya, chukua kalamu."

Ngoro hulimwaje

Haya ndiyo niliyoyaandika usiku ule, nami nayaweka hapa kwa faida ya wanafunzi.

Kwanza, mvua za masika zikiwa zinaendelea, wanaume hufyeka majani marefu ya shamba lililopumzika, na kuyaacha yakauke. Pili, majani hayo hupangwa katika mistari ya kupanda na kushuka mlima, na mistari mingine ya kukata katikati, hata shamba zima likawa miraba kama daftari la hesabu. Tatu, wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya majani. Hivyo mistari ya majani huwa matuta, na katikati ya mraba huwa shimo. Nne, maharage hupandwa juu ya matuta. Yakisha kuvunwa, shamba hungoja mvua za mwisho wa mwaka, ndipo mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale. Magugu yakipaliliwa hutupwa ndani ya shimo. Zamu nyingine ikifika, mashimo mapya hayachimbwi pale pale pa zamani, na kwa njia hiyo udongo wote wa shamba hugeuzwa.

Sasa tazameni sababu zake. Milima ya Umatengo ni mikali. Mvua ikinyesha juu ya mteremko uliolimwa sesa, maji hukimbia na kuchukua udongo wa juu ulio na rutuba. Lakini penye ngoro kila shimo huyakamata maji yake, nayo hunywewa na ardhi polepole. Udongo unaomomonyoka haufiki mtoni, huangukia shimoni na kubaki shambani. Majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea chini ya mizizi. Maharage, kama mlivyofundishwa katika Biolojia, huongeza naitrojeni katika udongo, na mahindi yanayofuata huikuta tayari.

Wazee husimulia kwamba Wamatengo walibanana milimani katika karne ya kumi na tisa walipokuwa wakikimbia vita vya Wangoni. Ardhi ilikuwa ndogo na kali, watu wengi. Ilibidi watafute njia ya kulima mlima bila kuuua, nao waliipata. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja Mbinga kuichunguza njia hiyo. Nami nilisoma chuo hicho hicho bila kuuliza!

Wiki iliyofuata niliomba nafasi tena. Nilichora miraba ubaoni na kueleza yote, nikamtaja bibi yangu kuwa ndiye mwalimu wangu. Walinipigia makofi, lakini nilijua kwamba makofi yale hayakuwa yangu.

Mpaka wa waya na mpaka wa maji

Kabla ya kurudi nilitembelea mahali pamoja zaidi, Schifflersgrund, karibu na mji mdogo wa Bad Sooden-Allendorf. Hapo ndipo ulipopita mpaka uliogawanya Ujerumani ya Magharibi na ya Mashariki. Wameacha sehemu ya ua wa waya na mnara wa walinzi ili watu waone. Mwaka 1982 mfanyakazi mmoja alijaribu kuvuka hapo, akapigwa risasi akafa akiwa amekwisha kuuruka ua. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1989, na tarehe 3 Oktoba 1990 nchi ikawa moja.

Nilifikiri habari za ziwa letu. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana Ulaya juu ya mipaka ya Afrika, na ziwa letu likawa ndani ya mapatano hayo. Mpaka leo Tanzania na Malawi hazijaafikiana kama mpaka ni ufuko au katikati ya maji. Lakini wajomba zangu wa Liuli wana ndugu ng'ambo, na usipa hauulizi cheti cha safari. Nikashukuru kwamba sisi tunabishana kwa maneno mezani, si kwa ua wa waya na minara.

Niliporudi

Niliporudi nyumbani nilimkuta bibi amechoka, macho yamepungua nguvu. Katika wajukuu wake wote hapakuwa na mmoja aliyejua kupanga majani ya ngoro. Sehemu ya shamba lake baba mdogo alikuwa ameilima kwa matuta ya kawaida ya kuteremka mlima, maana ni kazi nyepesi, na mvua ilikuwa imekwisha kukata mfereji mrefu katikati yake.

Masika yalipofika tulifyeka kipande kile, mimi na baba mdogo na binamu zangu wawili. Bibi alikaa juu ya kigoda chini ya mti, akatuongoza kwa fimbo yake. "Huo mstari umepinda! Uondoe, upange tena." Nilipanga tena mara tatu. Dada zangu walianza kuchimba, nami nikashika jembe pamoja nao, ingawa kwa desturi si kazi ya mwanamume. Bibi alitazama, akasema kwamba huko Ulaya nimejifunza kitu kimoja cha maana. Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa. Asubuhi yake tulikwenda kutazama tukakuta kila shimo limejaa maji, na chini ya shamba kijito kinapita cheupe, bila tope.

Enyi wanafunzi, nendeni mkasome, hata mbali. Msiogope baridi wala lugha ya kigeni. Lakini kabla hamjapanda basi la Songea, kaeni jioni moja na bibi zenu na babu zenu, mkiwa na daftari. Siku moja mtu wa mbali atawauliza habari za kwenu, na ni heri muwe na jibu.

Maswali ya kujipima

1. Chora miraba minne ya ngoro, uonyeshe mahali pa majani, tuta, na shimo.
2. Kwa nini maharage hupandwa kabla ya mahindi? Eleza kwa yale uliyojifunza katika Biolojia.
3. Nyumba ya udongo ya kijijini kwenu ikiangalia mvua miaka mia moja, ingehitaji nini? Taja mambo matatu.
4. Mwulize mzee mmoja wa kwenu, wa milimani au wa ufukoni, akufundishe kazi moja usiyoijua. Iandike hatua kwa hatua, na jina lake uliweke juu ya ukurasa kama mwalimu wako.